Boti yangu ya alumini ya futi 14: naijenga upya, na wavuvi wa Minnesota tujuane hapa

mwana_nansio

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mzaliwa wa Nansio, Ukerewe. Nina miaka tisa hapa Marekani, jimbo la Minnesota, na miaka yote hiyo maziwa nimekuwa nikiyapita kwa gari. Wenyeji wanahesabu maziwa 11,842 yenye ukubwa wa kuanzia ekari kumi. Nikitoka kazini kurudi nyumbani napita matatu, na sikuwahi kugusa maji ya hata moja. Nimelelewa mwaloni, kupiga kasia nilijua kabla ya kusoma, na harufu ya ziwa alfajiri ilikuwa imeanza kunipotea. Mwezi wa kumi nikasema basi.

Nimenunua boti ya alumini, Lund ya futi 14, ya mwaka 1987. Hizi zinatengenezwa humu humu jimboni, mji mdogo unaitwa New York Mills, tangu 1948, ndiyo maana zimejaa kwenye nyua za watu kama baiskeli zilivyojaa Shinyanga. Nimelipa dola 900 pamoja na trela, bila injini. Aliyeniuzia ni mzee anayehamia kwenye ghorofa karibu na mwanawe. Alinisaidia kuifunga kamba, akarudi ndani, akatoka na nanga. Akasema nanga hiyo imekaa na boti hiyo zaidi ya miaka thelathini, haoni sababu ya kuzitenganisha.

Umbo lake: mbele imechongoka, chini ina mkuku mdogo (ule uti wa chini wa chombo), na mabenchi matatu yamekatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Ndani hakuna kingine. Ninachotaka ni sakafu bapa niweze kusimama, jukwaa dogo mbele, mota ya umeme ya kutambaa kimya kimya, taa, mahali pa kulaza fimbo za kuvulia, na nafasi ya binti yangu kukaa bila mimi kuwa na wasiwasi.

Naombeni ushauri kabla sijakata kitu chochote. Na kama kuna mvuvi maeneo ya Minneapolis au St. Paul anasoma hapa, ajitokeze tafadhali. Huku simjui mvuvi hata mmoja.

Bahari_Kuu

Hongera sana ndugu yangu. Mimi niko Pangani, chombo changu cha mbao, hiyo alumini siijui. Ila chombo ni chombo, nitakwambia ninayoyajua.

Usikate benchi. Najua unaliona la katikati linakubana, unataka uwanja. Benchi lile si kiti tu, linashika mbavu mbili zisiachane. Ukilitoa, kila wimbi likipiga ubavu utafunguka na kufunga, kidogo kidogo, mpaka maungio yalegee. Nimeona chombo kimekufa hivyo, na mwenyewe akalaumu fundi aliyekijenga.

La pili, uzito wako ukae chini. Sisi chombo kikiwa kitupu tunatia farumi, mawe au mchanga, ndiyo kinatulia. Wewe huhitaji mawe, maana betri, nanga na tangi la mafuta ndiyo farumi yako. Vilaze chini kabisa, karibu na mkuku. Na hilo jukwaa la mbele lifanye fupi kwa kimo. Mtu aliyesimama juu ya jukwaa refu ni farumi iliyowekwa kichwani.

Fundi_Alumini

Mkuu mwana_nansio, mimi nafanya madirisha na milango ya alumini Buguruni, mwaka wa kumi na nne sasa. Boti sijawahi, lakini hiyo malighafi ndiyo ninayolalia na kuamkia.

Utakaponunua plaiwudi ya sakafu, muuzaji atakupa ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Atakwambia ndiyo ya nje, ndiyo imara. Ikatae. Dawa ile ina shaba, na shaba na alumini zikikutana penye unyevu zinatengeneza betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe, chini yake vishimo, na siku moja kidole kitapita. Chukua plaiwudi ya kawaida yenye gundi isiyoyeyuka kwa maji, uifunge wewe mwenyewe kwa epoksi pande zote, hasa kingo, maana maji yanaingilia kwenye kingo.

Skrubu tumia za stenlesi, na kila tundu utie gundi ya boti kwanza ili skrubu na bati visigusane vikavu. Shaba, hapana. Chuma cha kawaida, hapana. Ribiti ziwe za alumini, zile zilizozibwa mwisho ili maji yasipite katikati yake.

dada_wa_Kigoma

Nimeupenda uzi huu. Maswali mawili tu. Kwa nini alumini na siyo faiba? Na huko mnavua samaki gani, maana mimi bila mgebuka naona ziwa halijakamilika.

mwana_nansio

Dada, alumini nimeichagua kwa sababu ni nyepesi, gari langu dogo linaivuta. Pia maziwa ya huku yana mawe mengi chini, na ukigonga jiwe alumini inabonyea. Faiba inapasuka.

Samaki anayependwa kuliko wote huku ni wolai. Ndiye samaki wa jimbo, kisheria kabisa, tangu 1965. Rangi yake ni dhahabu iliyochanganyika na kijani cha mzeituni, meno makali ya mbele, na jicho kubwa lenye weupe wa maziwa. Nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga kama wa paka, kwa hiyo anaona gizani kuliko wale anaowawinda. Ndiyo maana wanamvua jua linapozama. Nyama yake nyeupe, haina miiba mingi. Ukimpika na nazi ya kopo utanisahau mimi na mgebuka wako.

Bahari_Kuu, shikamoo mzee. Benchi la katikati linabaki, nimekuelewa. Neno farumi nilikuwa silijui, kwetu ziwani sijalisikia. Fundi, nilikuwa na bei ya ile plaiwudi ya dawa mkononi. Nimeiacha.

Bahari_Kuu

Marahaba. Leta mrejesho.

mwana_nansio

MREJESHO WA MACHI

Wakuu, samahani kwa ukimya. Hapa baridi ikiingia epoksi haikauki, ikabidi boti ikae chini ya turubai miezi minne. Sasa nimeiingiza gereji na kazi imeanza.

Kabla ya sakafu nilitaka kujua inavuja wapi. Nimeiacha juu ya trela, nikatia maji kwa ndani hadi kufunika mstari wa kwanza wa ribiti. Zaidi ya hapo usitie, maji ni mazito na trela haikutengenezwa kuyabeba. Kisha nikalala chini na tochi na chaki ya nta. Tone la kwanza lilichukua kama dakika mbili. Lilianza kama jasho kandokando ya kichwa cha ribiti, likavimba, likashika mwanga wa tochi, likaanguka kwenye shavu langu. Nikazungushia duara. Nilipotoka chini kulikuwa na maduara kumi na moja.

Ribiti iliyolegea huwa inakazika tena, lakini inataka watu wawili. Mmoja anashikilia kipande kizito cha chuma kwa ndani, mwingine anagonga kwa nje. Wa ndani alikuwa binti yangu, ana miaka kumi na miwili. Ribiti iliyolegea inalia kama kopo tupu. Ikikaza, mlio unakuwa mfupi na mzito. Baada ya ribiti ya tatu yule mtoto alikuwa ananiambia "baba, bado" kabla mimi sijasikia tofauti. Nane zilikaza. Tatu zilikuwa zimekufa, nikazitoboa na kuweka mpya kama alivyosema Fundi, na gundi juu yake.

Jambo kubwa lakini ni povu. Ndani ya yale mabenchi matatu kuna povu gumu. Sheria ya Marekani inataka boti ndogo kama hizi, chini ya futi 20, zibaki zinaelea hata zikijaa maji, na povu hilo ndilo linalofanya kazi hiyo. Nilipofungua benchi la nyuma nikakuta povu limekunywa maji miaka yote. Kipande cha ukubwa wa mto wa kulalia nilikishika kwa mikono miwili. Benchi lililowekwa pale liinue boti lilikuwa linaivuta chini. Nimelitoa lote, nimeweka mbao za povu la waridi lile la kujengea kuta za nyumba, lisilonywa maji. Futi moja ya ujazo inabeba kama kilo 27 majini. Nimepima nilichotoa, nikarudisha kilekile na kuongeza chini ya jukwaa la mbele. Angalizo: petroli inaliyeyusha povu la aina hii, kwa hiyo bomba la mafuta lisipite karibu yake.

Kwenye ubavu wa nyuma kuna kibati kidogo kilichogongwa herufi: mwisho watu wanne, mwisho nguvu za farasi 25. Watu wengi wanakibandua wakati wa kupaka rangi. Mimi nimekisugua mpaka kinasomeka. Sisi wa Ukerewe, tangu tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa kimekaribia kabisa kufika kisiwa cha Ukara, hatuwezi kuitazama idadi ya watu chomboni kama namba ya kawaida. Siku ile nilikuwa huku, nimeshika simu usiku kucha. Boti yangu ikisema wanne, hatapanda wa tano hata akiwa mtoto wa kubebwa.

Bahari_Kuu

Mungu awarehemu wote. Umenena vema kijana wangu.

Hiyo kazi ya maduara kumi na moja sisi ndiyo kukalafati. Tunaingiza pamba iliyorowekwa mafuta kwenye maungio ya mbao, tunagonga kwa patasi butu. Na sisi pia tunasikiliza mlio. Mpe salamu huyo binti, ana sikio la fundi.

Toronto_TZ

Mkuu nina boti kama hiyo lakini kibati kilishang'oka kabla sijainunua. Nitajuaje idadi ya watu?

mwana_nansio

Kuna hesabu inayotumika huku kwa boti za injini chini ya futi 20: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawa kwa 15. Yangu ni 14 mara 5, ni 70, ukigawa unapata 4 na kitu. Kile kitu unakiacha, ni watu 4. Na hiyo ni kwa hali ya hewa nzuri.

wa_Homabay

Hamjambo wote. Mimi nimekuwa nikisoma tu tangu Oktoba, sikuwa na akaunti. Nimefungua leo kwa sababu ya hiyo habari ya povu.

Kaka, mimi ni wa Homa Bay, Kenya, na naishi Brooklyn Park. Niko dakika kumi na tano kutoka Medicine Lake. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mbuta, huyo nyinyi mnamwita sangara. Kila kiangazi huwa ninavua nikiwa nimesimama kwa daraja na fimbo moja, nikitazama boti zikipita. Ukihitaji mtu wa kushika chuma, niko.

mwana_nansio

Dakika kumi na tano! Na mimi niko Plymouth. Nimekutumia namba kwa faragha. Jumamosi gereji iko wazi kuanzia saa tatu asubuhi, chai ipo.

mwana_nansio

MREJESHO WA APRILI: SAKAFU NA UMEME

Sakafu imekaa. Chini kuna fremu ya engo za alumini za inchi moja na nusu, imeshikwa kwenye mbavu na si kwenye bati la chini, maana chini sitaki tundu hata moja. Juu yake plaiwudi ya nusu inchi, epoksi mikono mitatu. Jukwaa la mbele nimelisawazisha na kimo cha benchi la mbele, halizidi hata kidole. Nimesimama juu yake boti ikiwa kwenye trela nikaona linatosha.

Nilikuwa nimeshanunua zulia la kufunika sakafu. wa_Homabay alilitazama, akachukua ndoana, akaichomeka, akaniambia nitoe. Dakika kumi na bado tunatoa. Zulia pia linakaa na maji siku tatu baada ya mvua, na plaiwudi iko chini yake inayanywa. Limerudi dukani. Badala yake nimepaka rangi na kunyunyizia mchanga laini ikiwa mbichi, mguu hautelezi na ukimwaga ndoo moja pamekuwa safi.

Umeme ndio uliochukua muda. Mota ya umeme iko mbele, ya volti 12. Kipimo chake ni msukumo, na kanuni ya wavuvi wa huku ni ratili mbili za msukumo kwa kila ratili mia za uzito wote, boti, watu na mizigo. Yangu ni ya ratili 55, inanitosha na ziada ya upepo. Betri nimeilaza chini kabisa mbele ya benchi la katikati, kwa sababu nyuma tayari kuna injini, tangi na mimi mwenyewe. Kwa siku mbili tulikuwa tunaibeba betri kutoka hapa kwenda pale, tukitazama jinsi boti inavyokaa. Karibu kabisa na betri kuna swichi ya kukata ya ampia 60, ili waya ukichubuka popote usichome kitu.

Nimechukua betri ya lithiamu. Ile ya risasi na asidi ya ukubwa uleule ina uzito zaidi ya mara mbili, na ukitaka idumu unatumia nusu tu ya chaji yake. Bei ya lithiamu inauma, sikufichi. Niliuza vyombo vya muziki kuipata.

Fundi_Alumini

Kazi nzuri mkuu. Swali moja la haraka: waya wa kurudi umeufunga wapi? Kwenye gari tunaufunga kwenye bodi. Kwenye boti ya alumini usithubutu. Umeme ukipita kwenye bati huku bati liko majini, unalimaliza kwa msimu mmoja.

mwana_nansio

Waya mbili mbili kila mahali, kwenda na kurudi hadi kwenye betri. Bati haliguswi. Nimelipima kwa mita baada ya kufunga, hakuna kitu. Asante kwa kuuliza Fundi, niliandika haraka nikaliruka.

Injini nimepata Yamaha ya nguvu 9.9, iliyotumika, jina ambalo kila mwalo wa Ziwa Victoria unalijua. Nimebadilisha impela ya pampu ya maji na oili ya gia. Rangi ya nje kijivu, chini yake praima maalumu ya alumini.

mwana_nansio

IMEELEA

Jumamosi tulishuka Medicine Lake, kwenye gati la French Regional Park. Barafu ilikuwa imeondoka siku chache tu. Tulikuwa mimi, binti yangu na wa_Homabay.

Kurudisha trela kinyumenyume nilijaribu mara nne, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Hakuna aliyepiga honi. Mzee mmoja alishuka kwenye gari lake, akaja dirishani, akasema shika usukani chini kabisa, halafu mkono wako uende upande unaotaka trela iende. Ikaingia moja kwa moja. Nikamwambia nimekulia ziwani lakini trela kwetu haipo, boti zinalala mchangani. Akauliza ziwa gani. Nikamwambia Victoria. Akazima gari lake, tukaongea mpaka wa nyuma yake akaja naye kusikiliza.

Maji yaliposhika boti, binti yangu alikuwa amepiga magoti sakafuni anatazama ribiti zake. Zote kumi na moja. Akakaa hivyo kama dakika tano, halafu akasema "kavu".

Hatukupata kitu saa mbili nzima. Karibu nasi kulikuwa na mzee wa Kihmong na mkewe, kwenye boti ndogo kuliko yetu, wanatoa krapi mmoja baada ya mwingine. Krapi ni samaki bapa, mwenye madoadoa, mtamu. Wahmong walikuja huku kama wakimbizi kutoka Laos baada ya vita vilivyoisha 1975, na St. Paul wako wengi sana. Kiingereza chake kidogo, changu cha haraka, tukatumia mikono. Alinionyesha boya lake: halikufungwa kwenye mshipi, linateleza juu yake mpaka ligonge kifundo cha uzi alichokifunga juu. Unavua kina cha mita nne lakini ukirusha mshipi ni mfupi, hauning'inii. Akanikatia kipande cha uzi, akanifunga kifundo, akakifungua, akanipa nifunge mimi. Mara ya tatu akatikisa kichwa kukubali. Tulipata krapi saba.

Kutoka majini kuna sheria, na naomba mzisome wote mlioko jimbo hili. Unatoa kizibo cha chini, unamwaga maji yote, unaondoa kila jani, na kizibo kinabaki nje njia nzima. Sababu ni kome wadogo wenye milia waliofika Marekani miaka ya 1980 ndani ya maji ya farumi ya meli kutoka Ulaya. Wanaganda juu ya kila kitu, na wanasafiri kwenye boti za watu kama sisi. Mzee Bahari_Kuu, neno lako nimelikuta huku.

wa_Homabay

Naongeza kitu hapo. Mimi nimeona gugumaji likifunga ghuba yetu mpaka boti haziwezi kutoka, watu wamekaa ufuoni na nyavu kavu. Kwa hivyo nikiona mtu hapa anaondoka na majani kwa trela, mimi humwambia. Kwa upole, lakini humwambia.

Na binti yako alishika wanne kati ya hao saba, hiyo umesahau kuandika.

dada_wa_Kigoma

Wanne! Hongera mwanangu. Kichwa cha krapi mlikifanyaje? Msiniambie mlitupa.

mwana_nansio

Tulichemsha supu, dada. Ndimu, pilipili, nyanya moja. Vichwa vyote saba.

mwana_nansio

MREJESHO WA JUNI: MILLE LACS

Nataka kuandika hili likiwa bado bichi.

Mille Lacs iko kama kilomita 160 kaskazini yetu. Ni ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini kina chake hakizidi mita 13 hivi. Kwa mtu wa Victoria unasema hili ni bwawa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na nilikosea. Ziwa kubwa lenye kina kifupi upepo ukilikamata, mawimbi yanakuwa mafupi, yamesimama wima na yanafuatana. Huna muda wa kushuka moja kabla ya lingine.

Tulitoka asubuhi maji yakiwa kioo. Kufika saa sita mchana upepo ukageuka. Tulikuwa kama kilomita tatu kutoka gatini. Wimbi la tatu liliingia ndani. wa_Homabay hakusema kitu, alishuka kutoka jukwaani, akakaa chini mbele ya benchi la katikati na mgongo wake ukaliegemea, akaanza kufua maji kwa kopo. Nikakumbuka baba: usikimbie, usilipe wimbi ubavu. Nikapunguza injini, nikawa nalikata kila wimbi kwa mshazari, omo, yaani pua ya boti, kidogo kushoto. Ilituchukua saa nzima. Majaketi ya kuokolea tulikuwa tumevaa tangu gatini, ni kanuni ya boti yangu kwa wote, si watoto peke yao.

Boti haikulia. Hakuna kiungo kilichofunguka. Mzee, lile benchi lingekuwa limekatwa leo nisingekuwa naandika haya kwa utulivu.

Upepo ulikufa jioni. Tukavua karibu na ufuo, kina cha mita mbili, juu ya mawe, kwa ruba kwenye ndoana ndogo. Wolai wa kwanza hakuvuta kwa fujo. Mshipi ulikuwa mzito tu, kama umenasa kitambaa kilicholowa, halafu ukaanza kutembea. Alipofika karibu nikawasha taa ya kichwani, na jicho likawaka chini ya maji kabla sijamwona samaki mwenyewe. Tulimpima kwenye rula ya sheria, tukamrudisha kwa sababu urefu wake haukuruhusiwa kuchukuliwa hapo. wa_Homabay alimshika chini ya tumbo majini mpaka akaondoka mwenyewe.

Bahari_Kuu

Nimesoma mara mbili. Umefanya sawa kupunguza mwendo. Vijana wengi wanaongeza, wanataka kufika. Sasa funga pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayotuama chini ndani ya chombo, kopo la mtu mmoja halitoshi wimbi likiingia mara mbili. Na asubuhi ukikuta maji kioo ziwani usilolijua, muulize mwenyeji upepo wa mchana unatoka wapi.

mwana_nansio

Pampu nimeagiza, ya galoni 500 kwa saa, itakaa nyuma chini ya kizibo cha sakafu. Na siku ile hatukumuuliza mtu yeyote. Safari ijayo nitauliza.

mgeni_StCloud

Wakuu habari. Nimefika Minnesota mwezi wa pili kutoka Bujumbura. Nimeusoma uzi wote usiku mmoja. Sina boti, sina fimbo, jaketi la kuokolea nimelinunua jana. Kama kuna nafasi siku moja, mimi ni mwepesi na ninajua kupiga kasia.

mwana_nansio

Karibu sana ndugu. Jumamosi, Medicine Lake, saa kumi na moja alfajiri, gati la French Regional Park. Fimbo ya ziada ipo, leseni kata kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. wa_Homabay anakaa mbele, mimi nyuma kwenye injini.

Benchi la katikati ni lako.